Mwaka Niliopika Evere

Mwezi uliopita Clarisse alinipigia simu kuniambia baba yake amefariki. Sikuitambua sauti. Mara ya mwisho nilipoisikia ilikuwa ya mtoto wa darasa la nne, na huyu aliyesema, "Tantine Justine? Njo miye, Clarisse wa Evere," alikuwa mwanamke mzima mwenye uchovu, na nyuma yake nikasikia watoto wake wakigombana kwa Kifaransa. Mimi naitwa Yustina. Hakuna aliyewahi kuniita Justine isipokuwa watu wa nyumba ile, na niliposikia jina hilo niliketi kwenye ngazi nikiwa bado na koti. Aliniambia kwamba mdogo wake, Patient, sasa anaendesha tramu, na kwamba baba yao atazikwa Laeken, huko Brussels, Jumamosi. Akaniuliza kama nitakuja, nikasema nitaona. Kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililomfanya anitafute miaka yote hii ikiwa imepita: "Ule mwaka ulikaa kwetu, ilikuwaka namna gani? Papa hakusemaka hata siku moja." Sikwenda mazishini, na kwenye simu nilishindwa kumjibu. Lakini ni haki yake kujua, kwa hiyo namjibu hapa.

Baba yake, Célestin, nilikutana naye kusini mwa Uingereza, kwenye nyumba ya kutunzia wazee nilikokuwa nikifanya kazi. Yeye alikuwa akileta mashuka yaliyofuliwa. Siku moja nilikuwa koridoni nikiongea na mtu wa Morogoro kwa simu, nikageuka nikamwona amesimama na mzigo wake wa mashuka kifuani, ananisikiliza kama mtu aliyesikia redio ya kwao. Alikuwa mtu wa Lubumbashi. Kiswahili chake kilinichekesha, changu kilimchekesha, na upweke wa nchi ile ulifanya mengine. Kila baada ya wiki mbili alikwenda Brussels, "kuona nyumbani", na mimi sikuuliza nyumbani kuna nani. Ilipofika vuli akaniambia amepata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege wa Brussels, anahama moja kwa moja, na angependa twende pamoja nione nyumbani, na nikipapenda nikae. Nilijua maana ya maneno hayo, au nilidhani najua. Nikaacha kazi, nikafungasha nguo zangu zote, tukaingia kwenye gari lake la kijivu ambalo mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba, tukaelekea bandari ya Dover.

Melini, gari lilibaki chini tumboni pamoja na malori, nasi tukapanda juu kwenye ukumbi wenye mazulia yaliyonuka siki na chipsi. Bahari ilikuwa imechafuka siku ile. Mimi nilikula, yeye hakugusa kitu. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Hapana. Bon." Akaisogeza sahani yake kwangu. "Yustina, ku nyumba kuko mugonjwa."

"Nani?"

Akatazama dirishani, ambapo hapakuwa na cha kutazama. "Maman."

Nikamshika mkono, nikampa pole, nikamuuliza anaumwa nini. Akasema tumbo, tangu mwaka uliopita, na madaktari hawana la kusema tena. Nikainuka nikaenda kwenye duka la meli nikanunua mtandio wa sufu wa rangi ya zambarau, rangi ya mama mtu mzima, kwa ajili ya mama mkwe. Célestin alisimama kando yangu nilipokuwa nachagua na alisema tu, "Si lazima." Kwetu, mtu akikwambia kavukavu kwamba ni mama, unajua anamtaja aliyemzaa. Kwa watu wa Lubumbashi, maman ni kila mwanamke mwenye heshima yake, na mume mwenye watoto humwita mkewe hivyohivyo. Kwa hiyo hakunidanganya. Jambo hilo nimeligeuza kichwani miaka mingi, na hadi leo sijui kama nisingependelea uongo.

Mvua ilitufuata kutoka bandari ya Calais hadi Brussels. Barabara kuu za Ubelgiji zilikuwa zikiwashwa taa za manjano njia nzima, na nakumbuka nikiwaza kwamba nchi inayomulika barabara tupu kiasi hiki lazima iwe nchi ya watu wakarimu. Evere, kitongoji chao pale Brussels, ilikuwa maghorofa ya matofali na vituo vya basi. Tulipanda lifti iliyonuka vitunguu, Célestin akabonyeza kengele ingawa alikuwa na ufunguo mfukoni, mlango ukafunguliwa na mtoto wa kike mwenye nywele zilizosukwa upande mmoja tu. Akamtazama Célestin akasema, "Papa." Nyuma yake akatokea mvulana mdogo ambaye kifua chake kililia kama mlango mbovu. Huyo naye akasema, "Papa." Nilibaki nimesimama na mfuko wa duka la meli mkononi. Sebuleni, mahali pa kochi, palikuwa na kitanda cha hospitali, na juu yake ukutani picha ya harusi: Célestin kijana, amekonda, na mwanamke wa gauni jeupe. Mwanamke huyo ndiye aliyekuwa kitandani. Hakuwa amefika miaka arobaini.

"Njo weye Justine," akasema. Hakuwa anauliza. "Karibu. Ikala. Ulikula ku bateau?"

Kwa swali la meli hakungoja jibu; alikuwa amepika mwenyewe. Baadaye Clarisse aliniambia kwamba mama yake alianza asubuhi, ameketi kwenye kiti mbele ya jiko, akilala kidogo na kuamka kugeuza samaki. Kulikuwa na bukari, ambao ndio ugali wao, na sombe la mawese, yaani kisamvu, na samaki wa kukaanga. Nilikula kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi pengine. Mtandio niliuacha kwenye kiti, na yeye akauchukua bila kuuliza ni wa nani akajifunika miguu. Baada ya kula nilikusanya sahani nikaenda jikoni kuosha. Ukuta ulikuwa mwembamba kama karatasi, nao wawili walisahau, au hawakujali, kwamba Kiswahili ni changu pia.

"Haukumuambia," Georgette alisema. Ndilo lilikuwa jina lake.

"Nilitaka kumuambia ku bateau. Ilishindikana."

"Alors ulimuleta sawa mbuzi. Paka mbuzi njo habaambiaka fasi inaenda."

Kwao sawa ni "kama", na paka ni "tu": mbuzi tu ndiye asiyeambiwa anakopelekwa. Nilisimama na sahani mkononi, maji yakiendelea kutiririka, nikijua mbuzi ni mimi.

Kesho yake Célestin aliondoka alfajiri kwenda kazini na watoto wakaenda shule. Georgette akaniita, akanionyesha kiti, akasema bila kuzunguka, "Mi nitakufa. Docteur alisema, na mi mwenyewe nasikia. Usimukasirikie Célestin peke yake. Ni miye njo nilimutuma. Nilimuambia, tafuta muke mwenye kusema luga yetu, mwenye roho muzuri, na asikuwe wa famille yangu."

Nikamuuliza kwa nini asiwe wa familia yake.

"Juu banataka kuweka Mado. Ni mudogo yangu, anaikala Laeken na dada yetu mukubwa, Béa. Béa alisha kukata maneno: mi nikienda, Mado anaingia." Akapumzika kidogo. "Mado anapiga batoto. Nilimuona na macho yangu. Alipiga Patient na mwiko, mutoto anakosa pumuzi, na ye anaendelea kupiga."

Nilimwambia kwamba mimi si kiti cha kuwekwa mahali kikingoja mtu wa kukikalia. Akasema amenielewa, na kwamba kama ni yeye angekwisha kuondoka. Ndivyo nilivyokusudia. Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimefunga sanduku, nimevaa koti, nimeshika kitasa cha mlango, niliposikia kishindo. Alikuwa amejaribu kwenda chooni peke yake ili asiniombe msaada siku ninayoondoka, akaanguka koridoni, na tumbo likamfungukia palepale. Hakulia wala kuita. Alilala akitazama ukuta. Nilivua koti. Nilimwinua jinsi tulivyofundishwa kazini, nikamwosha kwa maji ya uvuguvugu kuanzia usoni, nikambadilisha nguo, nikasafisha sakafu.

"Unaosha sawa muntu wa kazi," akasema.

"Ni kazi yangu."

Watu wameniuliza kwa nini nilibaki, na kwa miaka mingi niliwapa majibu mazuri ya Kikristo. Ukweli ni kwamba nilisema nitaondoka kesho, na kesho yake alihitaji kuoshwa tena. Mapenzi hayakuwemo. Nilipewa kitanda cha juu katika chumba cha watoto, Célestin alilala kwenye kiti cha sebuleni kando ya mkewe, na mwaka mzima ule sikumruhusu hata kunishika bega.

Georgette nami hatukuwa marafiki. Alinifundisha nyumba yake kama mtu anayemkabidhi dereva mpya gari asilotaka kuliuza. Clarisse asichanwe nywele zikiwa kavu. Patient asilale karibu na dirisha. Kiswahili changu alikiita cha redio, na kila niliposema "watoto" alinisahihisha, "batoto". Nilipokuwa nikipika alitaka mlango wa jiko uwe wazi ili anuse kila hatua, na alijua kwa harufu tu kama nimewahi kutia chumvi kabla ya wakati wake, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amefikia kunywa uji na supu tu. Siku moja Célestin alirudi na kisa cha mzungu mmoja aliyetaka kusafiri na kasuku ndani ya kofia, akatusimulia jikoni, nami nikacheka. Nilipompelekea Georgette bakuli la supu alilitupa ukutani. "Nikingali hapa," akasema, "usicheke na bwana yangu." Nikafuta ukuta. Alilia, lakini hakuomba radhi, wala mimi sikutaka aombe. Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile, na nikikumbuka bakuli lile nashangaa kwamba alitupa moja tu.

Kila Jumamosi nilikwenda mtaa wa Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya Waafrika, kununua unga, sombe na samaki wakavu. Wakati wa baridi Georgette alinipa ruhusa, kana kwamba ni ruhusa, nikasuke nywele kule. Nilikuwa nimeinamisha kichwa mikononi mwa msusi niliposikia wanawake wawili nyuma ya pazia wakizungumza kwa raha zao.

"Njo ule banasuka sasa."

"Ule wa Tanzanie?"

"Ule. Anaingia mu nyumba ya muntu, muntu angali muzima. Na chakula ya mugonjwa anapika ye mwenyewe."

"Hein."

Msusi alinibana nywele kwa nguvu zaidi, nadhani kwa aibu. Nilipomsimulia Georgette alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, kisha akawa mkali ghafla. "Hiyo inatoka kwa Béa," akasema. "Bakikuya, usionje chakula mbele yabo. Ukionja, batasema unajitetea." Na kweli dada zake walikuja kila Jumapili baada ya misa. Béa alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini, aliyezoea kusubiriwa. Mado alimfuata nyuma na kitenge kizuri cha wax na macho ya mtu anayepima pazia. Béa alileta sufuria yake iliyofungwa kwa taulo, akaifungua mbele ya dada yake, na Georgette, ambaye asubuhi ile pengine hakuweza kumeza hata maji, akasema kila Jumapili maneno yaleyale, akimwita ya, yaani dada mkubwa: "Merci, ya. Nilisha kula. Justine alinipa." Mwanzoni nilidhani ananitetea. Baadaye nikaelewa kwamba nilikuwa fimbo yake, na kila alipoinua fimbo hiyo, yule aliyepigwa alinitazama mimi.

Ilipofika masika Georgette alikuwa amebaki macho na sauti. Siku moja nikimpaka mafuta miguuni alisema, "Batoto basiende kwa Mado."

"Mwambie Célestin."

"Célestin anaogopa Béa tangu mariage yetu. Nakuambia weye."

Nikamjibu, "Nimekusikia." Sikusema nimekubali, na yeye alikuwa na akili za kutosha kuona tofauti. Aligeuza uso. Alikufa mwezi wa sita, mchana, watoto wakiwa shuleni. Dirisha lilikuwa wazi na chini vijana walicheza mpira. Aliniomba nifunge, "batoto ya bantu bana kelele," nikafunga, na nilipogeuka niliona kwamba nimebaki peke yangu chumbani. Nilikuwa nimeona vifo vingi kule kwa wazee. Nilimfumba macho, nikamchana, nikamfunga kitambaa kichwani kwa namna aliyokuwa akipenda, ndipo nikashika simu.

Kilio kilifanyika nyumbani. Walitoa kitanda na meza, wakatandika magodoro sakafuni, wanawake wakajaa sebuleni na wanaume wakabanana kwenye vyumba na koridoni. Nami nilipika, kwa sababu watu wamekuja na hakuna aliyeniambia nisipike: wali, maharage, samaki, bukari wa kutosha jengo zima. Nilikuwa naleta sinia la kwanza Béa aliponiita.

"Justine, kuya hapa. Ikala."

Nikaketi sakafuni mbele yake. Nyimbo zilikatika.

"Mwaka mzima mudogo yangu alikula mu mukono yako," akasema, taratibu kabisa. "Sema mbele ya bamaman. Ulikuwa unamupa nini?"

"Uji. Supu ya samaki. Mwishoni maji, kwa kijiko."

"Na ndani ya supu?"

Célestin alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia swali, na alijua kuliko mtu yeyote ndani ya chumba kile jinsi mkewe alivyougua. Wote wakamgeukia. Alitazama viatu vyake, akakohoa, akasema, "Béa, si leo." Maneno hayo tu. Si leo, kana kwamba iko siku nyingine inayofaa. Nimesikia maneno makali zaidi maishani, lakini hayo ndiyo yanayonijia nikiwa naendesha gari peke yangu.

Hakuna aliyekula. Masinia yalikaa katikati ya chumba yakipoa, watu wakivuta miguu wasiyaguse. Clarisse aliinuka pembeni alikokuwa ameketi na mdogo wake, akachukua sahani, akajipakulia wali na maharage, akanyanyua kijiko. Mado akamfikia kabla hajafungua kinywa. Kijiko kilipiga ukuta, na mkono wa Mado ukampata mtoto shavuni, mbele ya baba yake. Clarisse, kama hukumbuki, basi jua kwamba ulijaribu. Kesho yake nilijaza chakula chote kile kwenye mifuko myeusi nikakishusha chini kwenye mapipa, nikapanda tena, nikashuka tena.

Baada ya mazishi dada zake Georgette waliwachukua watoto Laeken, kwa likizo, walisema. Likizo ikaisha, shule zikafunguliwa, vitanda vyao bado vitupu. Nilimuuliza Célestin anakwenda lini kuwachukua. Alikuwa mezani anakula.

"Beko kwa bamama yabo wadogo. Ni famille."

"Georgette alikataa. Ulikuwa unamsikia."

"Georgette amekufa, Yustina." Akamega tonge lingine. "Bon. Sasa siye wawili tuende ku commune, tuandikishe mariage. Tulisha kungoja sana."

Hakuwa mtu mbaya. Alimgeuza mkewe kitandani mara zisizo na hesabu, hakuwahi kunifokea, na uchovu wake ulikuwa wa kweli. Lakini niliona jinsi maisha yangu yatakavyokuwa: kila litakapokuja jambo zito atatazama viatu. Nikamwambia naondoka. Hakubisha. Aliuliza kama nataka anipeleke kwa gari hadi melini, nikasema nitapanda basi la safari ndefu. Kwenye simu ya mwezi uliopita Clarisse aliniambia kwamba yeye na Patient walikaa Laeken mpaka alipopata umri wa kuondoka na kumchukua mdogo wake. Hakueleza zaidi. Sikuuliza, kwa sababu mwiko ule nilikuwa nimeshasimuliwa.

Siku ya kuondoka nilipitia Laeken kuwaaga watoto. Nyumba ilikuwa kwenye mtaa mtulivu wenye miti iliyokatwa vichwa. Béa alifungua mwenyewe, kanga kifuani, mikono ina unga. Alitazama sanduku langu. Alinisogezea nafasi niingie koridoni, mvua ilikuwa inanyesha, lakini akasimama katikati ya njia. Kutoka ndani nilisikia vijiko, na sauti ya Mado ikisema, "Kula. Nilisema kula."

"Batoto beko mezani," Béa akasema.

"Nataka kuwaaga tu, ya Béa."

"Batalia. Kisha weye utaenda, na miye njo nitabaki nabo."

Niliinama kushika sanduku. Ndipo aliporudisha mkono nyuma akauvuta mlango wa ndani mpaka sauti zikafifia, akanisogelea. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alionekana mtu asiyelala vizuri.

"Patient hakule," akasema kwa sauti ya chini. "Anakunywa paka maziwa. Mifupa inaonekana. Weye ulikuwa unamupikia nini?"

Nilimtazama nione kama anakumbuka alivyoniuliza mara ya kwanza. Sijui kama alikumbuka. Uso wake ulikuwa unangoja jibu.

"Viazi," nikamwambia. "Unavichemsha, unaviponda na maharage. Pembeni unakaanga rojo kwa mafuta kidogo, unamwagia juu. Usitie pilipili, inamkaba kifua."

Alikuwa akirudia kwa midomo bila sauti, viazi, maharage, mafuta kidogo. "Ku rojo," akauliza, "unatanguliza nyanya ao kitunguu?"

"Kitunguu kwanza," nikasema. "Na moto uwe mdogo."